Udongo umeshiba au una kiu? Kutumia setilaiti na modeli ya ardhi kuyatangulia mafuriko na ukame

Nimewahi kuona milimita 60 za mvua zikizama ardhini bila mto kupanda hata kiganja. Wiki tano baadaye zikanyesha 60 nyingine, bonde lilelile, na daraja la waenda kwa miguu likaondoka na maji. Mara ya kwanza tulitoa tahadhari, watu wakahama bure. Mara ya pili tukasita, maana tulishachekwa. Kosa letu lilikuwa moja: tulihesabu mvua tu, hatukuhesabu nafasi iliyobaki kwenye udongo.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa. Lakini dalili ya mafuriko, kwa sehemu kubwa, iko chini ya miguu, na ukame vilevile huanzia huko kabla majani hayajanyauka. Kazi ya setilaiti na modeli za ardhi ni kukuonyesha hali ya udongo wa bonde zima bila kuchimba mashimo elfu moja.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kompyuta ya kawaida, intaneti inayokatika mara moja moja, na bonde moja analotaka kulijua vizuri. Huhitaji seva. Unahitaji kujua kujumlisha na kutoa, na subira ya kufungua faili lilelile kila asubuhi.

Anza na ndoo

Modeli ya uso wa ardhi ni daftari la mapato na matumizi ya maji. Yanayoingia ni mvua. Yanayotoka ni yale yanayovukizwa na jua, yanayonyonywa na mimea na yanayokimbilia mtoni. Salio ndilo lililomo kwenye udongo. Modeli za leo zimeongeza theluji, mizizi, aina za udongo na tabaka kadhaa, lakini mifupa yake ni hiyo hiyo.

Mwaka 1969 mwanasayansi Syukuro Manabe, aliyekuja kupata Nobel ya Fizikia mwaka 2021 kwa kazi yake juu ya tabianchi, aliichukulia ardhi kama ndoo yenye kina cha sentimita 15. Maji yakizidi hapo, yanamwagika. Nakushauri uijenge ndoo hiyo kwa mikono yako kabla hujagusa modeli yoyote kubwa. Nimewaona vijana wenye shahada wakiendesha modeli ya mamia ya vigezo huku hawajui kwa nini mto wao wa kwenye kompyuta umekauka. Aliyejenga ndoo hujua pa kuanzia kutafuta.

Fungua lahajedwali. Safu ya kwanza tarehe, ya pili mvua ya siku, ya tatu uvukizaji ambao jua lingeweza kufanya kama maji yangekuwepo tele (mbinu ya Hargreaves inakupa makadirio kwa joto la juu na la chini, tarehe na latitudo ya mahali tu, hivyo usihangaike sana hapa), ya nne uvukizaji uliofanyika kweli, ya tano salio la ndoo, ya sita kilichomwagika.

Kanuni ya safu ya nne ndiyo tamu. Ndoo ya milimita 150 ikiwa na zaidi ya robo tatu, yaani milimita 112.5, udongo hutoa chote ambacho jua linadai. Ikishuka hapo, udongo huwa bahili: hutoa kwa uwiano wa salio lake. Tuseme leo salio ni 90 na jua linadai 5. Utapata 5 mara 90 gawanya kwa 112.5, sawa na 4. Kesho salio ni 86, jua likidai 5 tena, udongo unatoa 3.82. Keshokutwa unabaki na 82.2 hivi. Inyeshe 30 siku hiyo, ondoa 3.65 za uvukizaji, unalala na 108.5. Shusha kanuni hiyo kwenye safu mpaka mwisho wa mwaka.

Sasa rudi kwenye zile mvua mbili. Udongo ukiwa na salio la 70, milimita 60 zinaufikisha 130. Hakuna kinachomwagika. Ukiwa na 135, unafika 195, na 45 zinakimbilia mtoni. Kwa bonde la kilomita za mraba 400, milimita 45 ni mita za ujazo milioni 18. Zikipita mtoni ndani ya saa 24, ni wastani wa mita za ujazo 208 kila sekunde, na kilele chake kitakuwa juu zaidi ya wastani. Mvua ileile, namba ileile kwenye kipima mvua. Nilipoiona hesabu hii kwenye skrini yangu mara ya kwanza nilinyamaza kidogo, maana daraja lilikuwa limeshakwenda.

Fanya na jaribio la pili: anza na salio la 90, ziba mvua kabisa, acha jua lidai 5 kila siku. Baada ya siku 15 utakuta karibu 45, nusu yake. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya udongo. Wingu la jana limeshasahaulika, lakini mvua ya wiki mbili zilizopita bado ina kauli juu ya mafuriko ya kesho. Ndiyo maana kuijua hali ya udongo leo kunakupa siku kadhaa za kujipanga hata kabla ya kuuliza utabiri wa mvua.

Kabla hujaiamini ndoo kupita kiasi, jua mahali inapodanganya. Ardhi kavu iliyogandamana na kufanya gamba juu, mitaa ya lami na mabati, miteremko iliyoungua moto: hizo hazisubiri kushiba. Mvua ikishuka kwa kasi kuliko uwezo wa ardhi kunywa, inatiririka hapo hapo hata kama udongo wa chini una kiu. Robert Horton alilieleza jambo hili miaka ya 1930. Mafuriko ya ghafla katika nchi kame mara nyingi ni ya aina hii, na hapo cha kuangalia ni ukali wa mvua ndani ya nusu saa. Bonde lako likiwa la aina hiyo, ndoo itakusaidia kwa ukame, na kwa mafuriko utahitaji jicho kwenye mvua ya saa hadi saa.

Mvua kutoka juu

Vipima mvua ni vichache, na vile vilivyopo hupenda kukaa mijini na kwenye viwanja vya ndege, wakati mafuriko huanzia milimani. Kwa hiyo tunaazima macho ya setilaiti. Mimi natumia hazina mbili, na kila moja ina tabia yake.

IMERG ya NASA inaunganisha vipimo vya setilaiti nyingi, kinara wake ikiwa ile ya GPM iliyorushwa Februari 2014 kwa ushirikiano na Japani. Inakupa mvua kila nusu saa, kwa vipande vya nyuzi 0.1, takriban kilomita 11 kwa 11 karibu na ikweta. Ina matoleo matatu: la kwanza linatoka baada ya saa 4 hivi, la pili baada ya saa 14 hivi, na la mwisho, lililosahihishwa kwa vipima mvua vya ardhini, baada ya miezi mitatu na zaidi. Kwa mafuriko tumia la kwanza. Kwa kumbukumbu ya miaka tumia la mwisho.

CHIRPS, ya Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara pamoja na shirika la jiolojia la Marekani, inarudi nyuma hadi 1981, kwa vipande vya nyuzi 0.05. Haina haraka, lakini ina miaka zaidi ya 40. Kwa ukame, miaka ni mali.

Mitego sasa. Namba iliyomo kwenye faili la nusu saa la IMERG ni milimita kwa saa. Usipoigawa kwa mbili kabla ya kujumlisha, bonde lako litapata mvua maradufu na utatangaza mafuriko ambayo hayapo.

Mtego wa pili ulinila miezi mitatu. Nililinganisha setilaiti na vipima mvua vyetu, nikakuta havielewani kabisa. Nikaandika ripoti kuilaumu setilaiti. Kumbe kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi, na maji yaliyomo ni ya saa 24 zilizopita, yakiandikwa kwa tarehe ya leo. Siku ya setilaiti huanza na kuisha usiku wa manane kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa. Mvua ya Jumatatu jioni kwangu ilikuwa Jumatatu kwa setilaiti na Jumanne kwenye daftari. Nilijumlisha upya zile nusu saa 48, kuanzia asubuhi hadi asubuhi, na vitu viwili vilivyokuwa maadui wakawa ndugu. Ile ripoti niliifuta mwenyewe kabla mwingine hajaiuliza.

Halafu kuna udhaifu ambao hauna dawa ya haraka. Vipimo vya setilaiti juu ya nchi kavu hutegemea sana vipande vya barafu vilivyo juu ndani ya wingu. Mvua inayotengenezwa chini chini, upepo ukisukuma unyevu kupanda mlima, haina barafu nyingi, na setilaiti huipunguza. Upande mwingine, katika nchi kame matone huweza kuvukizwa yakiwa bado angani, setilaiti ikahesabu mvua ambayo haikugusa mchanga. Ukiwa na kipima mvua hata kimoja mlimani, kitunze kama mboni ya jicho. Chukua miaka michache ya vyote viwili, tafuta uwiano wao mwezi kwa mwezi, na zidisha.

Kuhamia modeli kubwa bila kujiumiza

Ndoo yako sasa inafanya kazi. Watu wengi hapa hukimbilia kusimika mfumo kama LIS, uliojengwa na NASA kule Goddard, unaoendesha modeli kadhaa za ardhi, Noah na VIC zikiwemo, na kuzichanganya na data za setilaiti. Ni mfumo mzuri na ni wa bure. Lakini kuusimika ni kazi ya wiki kadhaa kwa mtu anayejua anachofanya, na ukiharibika usiku wa mvua huna pa kukimbilia. Ushauri wangu: anza kwa kupakua matokeo ya walioiendesha tayari.

FLDAS, iliyoandaliwa kwa ajili ya mtandao wa tahadhari ya njaa wa FEWS NET, inatoa hali ya udongo kila mwezi kuanzia 1982, kwa nyuzi 0.1. Hiyo inatosha kwa ukame. Ukitaka saa kwa saa, ipo ERA5-Land ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, vipande vya kilomita 9 hivi, kuanzia 1950. Kata kipande cha bonde lako tu kabla ya kupakua. Usipakue dunia nzima. Nimewahi kufanya hivyo na diski yangu ikajaa kabla ya chakula cha mchana.

Soma vipimo kabla ya namba. Modeli ya Noah ina tabaka nne: sentimita 0 hadi 10, 10 hadi 40, 40 hadi 100, na 100 hadi 200. FLDAS huandika unyevu kama sehemu ya ujazo. Ukiona 0.25 kwenye tabaka la 40 hadi 100, zidisha kwa unene wake wa milimita 600, unapata milimita 150 za maji. Ukijumlisha zile sehemu nne moja kwa moja bila kuzidisha kwa unene, tabaka jembamba la juu linapewa uzito sawa na lile la mita moja la chini. Kosa hili halipigi kelele. Ramani inatoka nzuri, rangi zimetulia, na yote ni uongo.

Ukifika siku ya kuendesha modeli mwenyewe, usianze na udongo uliojikisia ukasonga mbele. Irudie miaka kumi ya mvua tena na tena mpaka salio la tabaka la chini liache kubadilika kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Nchi kame huchukua muda mrefu zaidi kutulia.

Kuisahihisha modeli njiani

Hata modeli nzuri huteleza, maana mvua uliyoilisha ina makosa. Hapa ndipo SMAP inapoingia. Setilaiti hii ya NASA ilirushwa Januari 2015. Ilikuwa na vyombo viwili, rada na kipokezi, na rada ikafa Julai mwaka huohuo. Kipokezi kimeendelea, kikisikiliza mawimbi dhaifu yanayotoka kwenye ardhi yenyewe. Udongo mbichi na udongo mkavu hutoa mawimbi tofauti, na mawingu hayazuii. Hupita mahali pamoja kila siku mbili au tatu, na huona vipande vya kilomita 36 hivi.

Kizuizi chake: inaona sentimita 5 za juu tu. Ni kama kugusa ngozi ya mgonjwa. Inakwambia joto, haikwambii kilichomo tumboni. Kujua kilicho kwenye mizizi ni kazi ya modeli. Basi unafunga ndoa kati ya viwili.

Hesabu yake si uchawi. Tuseme modeli inasema salio ni 110, na unajua kwa uzoefu hukosea kama 15. Kipimo cha setilaiti, ukishakigeuza kwa kipimo cha ndoo yako, kinasema 90, nacho hukosea kama 20. Mraba wa 15 ni 225, wa 20 ni 400. Gawanya 225 kwa jumla yao, 625, unapata 0.36. Tofauti kati ya wawili ni 20, chukua 0.36 yake, yaani 7.2, shusha modeli hadi 102.8. Kesho endelea kutoka hapo. Hiyo ndiyo roho ya kichujio cha Kalman cha mwaka 1960. Wakubwa huendesha nakala nyingi za modeli kwa pamoja ili nakala zenyewe ziwaambie ukubwa wa makosa, lakini wazo ni hilo: anayekosea kidogo asikilizwe zaidi.

Kabla ya kuchanganya, ondoa upendeleo. Kama setilaiti kila siku inaonyesha ardhi kavu kuliko modeli, hiyo ni lafudhi yake, si habari. Panga thamani zote za setilaiti kutoka ndogo hadi kubwa, panga na za modeli, kisha sema: thamani ya mia moja ya huyu ni sawa na ya mia moja ya yule. Ukiruka hatua hii, kila asubuhi setilaiti itakuvuta kwenye ukame usiokuwepo. Na kama huna nguvu ya yote haya, SMAP wanatoa bidhaa iliyokwisha kuchanganywa, unyevu wa udongo kwenye mizizi kila baada ya saa tatu kwa vipande vya kilomita 9, ikichelewa siku mbili tatu. Ichukue, hakuna aibu.

Usiseme milimita ngapi, sema foleni ya ngapi

Unyevu wa 0.30 kwenye Noah na 0.30 kwenye VIC si kitu kimoja. Kila modeli ina udongo wake wa kufikirika. Kwa hiyo namba yenyewe usimpe mtu. Mpe nafasi yake kwenye foleni.

Chukua tarehe ya leo. Kusanya thamani za siku 15 kabla yake na 15 baada yake, kila mwaka, kwa miaka 30. Siku 31 mara miaka 30 ni thamani 930. Zipange. Kama ni 46 tu zilizo chini ya thamani ya leo, uko kwenye asilimia 5 ya chini. Sasa una kauli ambayo mtu anaielewa: kipindi kama hiki, udongo umekuwa mkavu hivi mara moja katika kila ishirini. Wamarekani kwenye ramani yao ya ukame huanza kuhesabu ukame wenyewe chini ya asilimia 20, na daraja la mwisho kabisa ni asilimia 2 za chini. Unaweza kuazima ngazi hizo na kuzirekebisha baadaye.

Sharti moja halina mjadala: historia na leo vitoke chombo kimoja. Mwaka mmoja nilijenga foleni ya miaka 30 kwa CHIRPS, kisha mwezi wa mwisho nikaulisha IMERG kwa sababu ilikuwa inawahi. Tarehe mosi ramani nzima ikageuka nyekundu. Mwenzangu akaitazama akauliza, "Hivi ukame nao huanza tarehe mosi?" Ulikuwa mshono wa data, si ukame.

Kwa ukame wa muda mrefu, ule unaofika visimani, ongeza GRACE-FO. Ni setilaiti mbili zinazofuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi, kazini tangu Mei 2018, zikirithi jozi ya kwanza ya 2002 hadi 2017. Maji mengi ardhini huongeza uvutano, umbali kati yao hubadilika kidogo mno, nazo huupima. Jicho lake ni la mamia ya kilomita na hutoa picha kwa mwezi, hivyo haifai kwa bonde dogo. Inafaa kukuambia kama eneo zima linakunywa akiba yake.

Siku maji yanapokuja

Nilipeleka ramani yangu ya kwanza kwa mzee anayesimamia milango ya bwawa moja. Nilimwamkia, nikafungua kompyuta, nikaeleza rangi zote. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "ramani ni nzuri. Sasa nifungue au nisifungue?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na kazi ambayo ningepaswa kuianza nayo.

Jibu hujengwa kwa kizingiti. Chukua miaka ya nyuma, tafuta ni salio gani la ndoo pamoja na mvua gani inayotabiriwa ndilo lililotangulia mafuriko. Kila siku ya mvua kubwa iandike katika moja ya makundi: tulionya na yakaja, tulionya yasije, hatukuonya yakaja. Tuseme makundi hayo yana 18, 12 na 6. Umeyanasa mafuriko 18 kati ya 24, robo tatu. Lakini kati ya tahadhari 30 ulizotoa, 12 zilikuwa za bure, asilimia 40. Je, hiyo ni nzuri? Usijiamulie mwenyewe. Kwa mzee wa bwawa, kufungua bure ni kupoteza maji ya kiangazi. Kwa wanaolala kando ya mto, kuhama bure ni usiku mmoja wa usumbufu. Nilijikuta na vizingiti viwili kwa bonde moja, na sioni ubaya wake.

Kwa mito mikubwa usijichoshe kutabiri peke yako. GloFAS, ya mpango wa Ulaya wa Copernicus, hutoa kila siku utabiri wa mito duniani kwa nakala 51 za mvua ijayo, na ni bure ukijisajili. Nakala 40 kati ya 51 zikivuka kiwango cha mafuriko ya mara moja katika miaka mitano, chukua simu. Zikiwa 6, angalia ndoo yako: ikiwa imeshiba, ongeza macho, ikiwa na kiu, subiri utabiri wa kesho. Kwa vijito vidogo GloFAS haioni vizuri, na hapo ndoo yako na IMERG ndivyo ulivyo navyo.

Maji yakishafika, setilaiti za picha za kawaida hazikufai, maana anga imefunikwa. Tumia rada ya Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya. Maji tulivu huakisi mawimbi kwenda mbali kama kioo, kwa hiyo yanatokea meusi. Chukua picha ya kabla na ya sasa, zote za njia ileile ya setilaiti, tenga meusi mapya, kisha ondoa mito na maziwa ya siku zote. Viwanja vya lami na mchanga mkavu navyo ni vyeusi, upepo huyafanya maji yang'ae, na maji yaliyo chini ya miti au kati ya nyumba huweza kuonekana meupe kuliko kawaida. Kwa hiyo mji usipoonekana kwenye ramani ya mafuriko, usidhani umepona.

Maji yakishuka, nenda kwa miguu. Tafuta mstari wa tope kwenye kuta, pima urefu wake toka chini, uliza saa maji yalipofika na yalipoondoka. Mzee wa bwawa aliponizoea alinionyesha daftari lake. Kila siku aliyofungua milango ameandika tarehe, saa, kipimo cha maji, na kwenye siku kadhaa neno moja la ziada: *imeshiba*. Nililinganisha siku hizo na safu yangu ya tano. Nyingi ziliangukia juu ya 130. Nikamwomba anieleze anavyojua, akasema anakanyaga nyasi za nyuma ya kibanda chake. Zikitoa maji kwenye nyayo, anaandika.

Lahajedwali yangu sasa ina safu ya saba. Asubuhi nampigia, ananisomea kipimo na hali ya nyasi zake, nami naandika kabla sijafungua faili la setilaiti.